Nta ya Nyuki na Rangi ya Gari

Itetemia, makao ya zamani ya watemi wa Unyanyembe, iko pembezoni mwa mji wa Tabora, katika nchi iliyopitwa na misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na magari yakafuata, lakini vumbi ni lile lile lililowachafua wapagazi. Tangu Mei hadi Oktoba mvua hukatika, jua huwa kali, na unga mwekundu wa ardhi hutanda juu ya kila kitu. Mwenye gari atakaye kuihifadhi rangi yake huambiwa aipake nta. Ushauri huo ni mwema. Lakini nta ni za namna nyingi, na katika Tabora, ambako misitu ya miyombo imetoa asali na nta tangu kale, ni rahisi mtu kudhani kwamba nta iliyo karibu ndiyo ifaayo.

Nta zote hizi zina tabia moja inayozifanya zitumike: molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, ambayo haichanganyiki na maji. Juu ya bati lililopakwa nta maji hujikusanya kuwa matone na kuteleza. Utando wenyewe ni mwembamba mno. Hauwezi kuizuia mionzi ya urujuanimno ya jua kwa kiasi kikubwa, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo. Kazi yake hasa ni kuzuia maji, utomvu wa miembe na kinyesi cha ndege visigusane na rangi yenyewe, na kupunguza msuguano.

Swali basi ni hili: je, utando huo utabaki mgumu juani? Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi. Boneti jeusi lililoachwa juani adhuhuri laweza kupita nyuzi 70. Na hata kabla ya kuyeyuka, nta ya nyuki huanza kulainika karibu na nyuzi 35. Hilo si dosari. Ndani ya mzinga, mahali penye majana, nyuki huhifadhi joto la nyuzi 34 au 35, na katika joto hilo nta yapasa kuwa laini ili ifinyangike kuwa masega. Nyuki ameitengeneza nta yake kwa ajili ya nyumba yenye kivuli. Ikipakwa peke yake juu ya boneti, hunata na kulishika vumbi.

Nta ya karnauba ina asili nyingine kabisa. Hukwanguliwa kutoka katika majani ya mti wa jamii ya minazi uitwao Copernicia prunifera, uotao kaskazini-mashariki ya Brazili, nchi ya jua kali na kiangazi kirefu. Mti huo hulifunika jani lake kwa nta ili lisipoteze maji, na nta ambayo ingeyeyuka juani isingemfaa kitu. Hii huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, nayo ni ngumu kuliko karibu nta zote za asili.

Hata hivyo karnauba tupu ni kavu na hukatika-katika, haipakiki. Kwa hiyo watengenezaji huilainisha kwa tapentaini au mafuta mengine mepesi, na mara nyingi huongeza nta ya nyuki ili mchanganyiko upate ulaini. Hapo ndipo nta ya Tabora ina mahali pake. Nta ya parafini, itokanayo na mafuta ya petroli, ni rahisi kwa bei, lakini aina zake nyingi huyeyuka chini ya nyuzi 68. Vipo pia vihifadhi vya kiwandani, vilivyotengenezwa kwa polima, ambavyo hudumu kuliko nta za asili. Vingine vina silikoni, na hivyo mafundi wa rangi hawavipendi: mabaki yake yasipoondolewa vizuri, rangi mpya hufanya vishimo.

Kosa linaloharibu magari mengi kuliko uchaguzi mbaya wa nta ni kuchanganya nta na dawa ya kusugulia. Dawa hiyo ina chembe za kukwaruza. Kwa rangi ya kizamani iliyochujuka na kutoa unga, hufaa, kwa maana huondoa tabaka lililokufa. Lakini magari ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo unene wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila kusugua hupunguza akiba hiyo. Vumbi nalo lina chembe za mchanga mgumu. Kulifuta kwa kitambaa kikavu ni sawa na kupiga msasa. Limwagiwe maji kwanza, ndipo liguswe. Nta ipakwe kivulini, bati likiwa limepoa.

Shuleni jambo hili laweza kujaribiwa kwa gharama ndogo. Vipande viwili vya bati vipakwe rangi nyeusi. Kimoja kipakwe nta ya nyuki, kingine nta ya gari yenye karnauba, kisha vyote viwekwe juani adhuhuri na kunyunyiziwa vumbi laini. Baada ya saa moja vigeuzwe na kugongwa kidogo, na wanafunzi walinganishe vumbi lililobaki. Nta ya nyuki iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, wala tapentaini isiwe karibu. Chombo hicho kisiwe cha chuma kitupu: nta ya nyuki ina asidi huru, ambazo hutenda pamoja na chuma na kuifanya nta iwe nyeusi, jambo ambalo wafuga nyuki wanalijua vyema.

Mvua za Novemba zitakapoanza, mwenye gari hana haja ya chombo cha kupimia. Maji yakisimama kama shanga juu ya boneti, nta ingalipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha.