Banda la Kuku Wakati wa Masika: Tusiwazibie Pumzi

Mwezi Machi unapoelekea kwisha na mawingu ya masika kutanda juu ya Dar es Salaam, wafugaji wengi wa mjini huwa na desturi moja. Hutafuta magunia, maboksi na vipande vya turubai, wakavitundika kuzunguka banda la kuku na kuziba kila tundu, ili mvua na baridi visiwaguse ndege wao. Nia yao ni njema. Lakini baada ya wiki mbili au tatu banda hutoa harufu kali, kuta huota madoa meusi na ya kijani, pumba za sakafuni hugeuka tope, na vifaranga huanza kuhema midomo wazi. Hapo mvua ndiyo hulaumiwa. Kumbe aliyekaribisha maradhi ni lile turubai.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipopungukiwa nguvu mbele ya bei za sokoni, familia nyingi za wafanyakazi zilijenga mabanda ya kuku nyuma ya nyumba zao. Hata leo, kwa familia nyingi, trei ya mayai ndiyo inunuayo daftari la mtoto na kitoweo cha siku ambazo mwisho wa mwezi bado uko mbali. Banda likioza, akiba hiyo nayo huoza.

Maji hutoka wapi?

Wengi hudhani kwamba unyevu wa bandani hutoka mawinguni tu. Hebu tufanye hesabu. Kuku mmoja wa mayai hunywa kiasi cha robo lita ya maji kwa siku, na siku za joto huzidi hapo. Mwenye kuku 20 huwapa basi lita 5 kila siku, yaani ndoo nzima ya lita 20 kwa siku 4. Sehemu ndogo ya maji hayo huingia katika yai. Sehemu kubwa hurudi bandani kwa njia ya kinyesi, ambacho karibu robo tatu yake ni maji, na kwa njia ya pumzi; kwani kuku hatoki jasho, bali hujipoza kwa kuhema.

Kwa hiyo, hata lisipodondoka tone moja la mvua, kuku wenyewe hulilowesha banda usiku na mchana. Banda lililozibwa ni sawa na chungu kilichofunikwa: mvuke hupanda, hukutana na bati lililopoa usiku, hugeuka matone na kudondokea tena sakafuni. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli kwa bati linalovuja. Lakini nafasi iliyoachwa juu ya ukuta wa banda si ufa. Hiyo ndiyo pua ya banda.

Madhara yake

Unyevu huleta maadui watatu. Wa kwanza ni ugonjwa wa kuhara damu. Mayai ya vijidudu vyake, yakipata joto na majimaji katika matandazo, hukomaa kwa siku 1 au 2 na kuwa tayari kumwambukiza kuku atakayeyadonoa.

Adui wa pili ni kuvu, yaani ule ukungu wenyewe. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi. Huelea hewani na kuingia mapafuni. Vifaranga ndio huumia zaidi, na wakishapatwa hakuna dawa ya kutegemewa. Wa tatu ni hewa ya amonia, ile iwashayo macho na kuchoma pua, ambayo huzalishwa na kinyesi kilicholowana. Huchubua koo la kuku na kuyafungulia mlango maradhi mengine. Wala mwanadamu hasalimiki: mama au mtoto anayefagia banda la namna hiyo huvuta vumbi hilo hilo, na mwenye pumu huweza kupata taabu kubwa.

Banda lipumue

Afaa nini basi mfugaji? Kwanza, azuie mvua kwa paa, si kwa kuziba kuta. Paa lichomoze nje ya ukuta kiasi cha mita 1, ili mvua ya upepo isifike ndani. Ukuta wa chini uinuke kiasi cha nusu mita au zaidi kidogo, na juu yake uwekwe wavu hadi karibu na paa. Ikiwa upande mmoja hupigwa sana na mvua, tundika turubai upande huo tu, literemshwe mvua inaponyesha na kukunjwa inapokatika. Hata likiteremshwa, iachwe wazi nafasi ya juu ambamo mvuke utatokea. Kuku mzima mwenye manyoya makavu huvumilia vizuri ubaridi wa usiku wa pwani. Kinachomdhuru ni kulala majini.

Pili, sakafu iinuliwe juu ya usawa wa ardhi, na mfereji uchimbwe kuzunguka banda. Tatu, matandazo ya maranda au pumba za mpunga yawe na kina cha sentimita 7 hadi 10, na yageuzwe kwa reki mara kwa mara. Ili kuyapima, chukua gao moja ulibane mkononi. Likibaki donge unapofungua kiganja, limelowa mno. Likivunjika taratibu, ni sawa. Sehemu iliyoganda chini ya chombo cha maji iondolewe siku ile ile, na chombo chenyewe kiinuliwe juu ya tofali hadi usawa wa mgongo wa kuku, wasikimwage. Nne, tusiwasonge. Kuku 4 au 5 wa mayai katika mita 1 ya mraba wanatosha.

Ukungu ukisha kuota

Watoe kuku kwanza, na ujifunike pua na mdomo. Usiufagie ukungu ukiwa mkavu, maana utautawanya. Unyunyizie maji kidogo, kisha ondoa matandazo yote na uyapeleke mbali na banda. Sugua kuta, vichanja na viota kwa maji ya moto na sabuni, acha vikauke kabisa kwa jua na upepo, ndipo upake chokaa. Jihadhari na jambo moja: usimwage maji ya klorini ya kufulia nguo juu ya kinyesi. Klorini ikichanganyika na amonia hutoa hewa yenye sumu.

Chakula kilichoota ukungu

Hapa ndipo penye kishawishi kikubwa kuliko vyote. Gunia la pumba limelowa, limeota ukungu, na bei yake mfugaji anaikumbuka. Huanika juani, hupepeta, kisha humpa kuku, akisema moyoni kwamba kuku hachagui. Asifanye hivyo kamwe. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoingiwa na kuvu. Ndipo ilipogunduliwa sumu ambayo sisi leo tunaiita sumukuvu. Mwaka 2016, wenzetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walipoteza maisha kutokana na mahindi yenye sumu hiyo.

Sumu hiyo haionekani kwa macho, haiondolewi na jua, wala moto wa jikoni hauimalizi. Tena, kiasi chake huweza kupita kwa kuku hadi katika yai na ini, vyakula ambavyo tunawapa watoto ili wapate afya. Hasara ya gunia moja ni chungu, lakini ina kikomo. Gunia hilo litupwe. Na ili lisitokee jingine, chakula kiwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na wakati wa masika kinunuliwe kidogo kidogo.

Kesho alfajiri, kabla hujakwenda kazini, ingia bandani na uchutame hadi usawa wa kuku, kisha uvute pumzi. Macho yako yakiwasha kwa dakika hiyo moja, fikiri walivyolala hao waliokuwamo tangu magharibi. Basi kunja turubai kabla ya kuondoka.