Kompyuta Shuleni: Jembe Halilimi Lenyewe

Historia ya kompyuta nchini Tanzania ina funzo ambalo aghalabu husahauliwa. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, yaani mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa kuwa mitambo iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni ilikuwa imevuruga hesabu za serikali badala ya kuzinyoosha. Amri hiyo ililegezwa baadaye hatua kwa hatua, na leo kompyuta na simu zimeenea mijini na vijijini. Hata hivyo, swali lililozaa amri ile lingali hai: mtambo wa gharama huleta faida gani mahali unapowekwa, na kwa masharti yapi?

Swali hili linazihusu sana shule za sekondari. Shule inayonunua kompyuta kumi imeacha kununua vitabu, madawati au vifaa vya maabara kwa fedha zile zile. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba kompyuta ni kitu cha kisasa. Inafaa ijulikane ni kazi gani hasa inayofanywa na kompyuta katika kujifunza, na ni kazi gani isiyoweza kufanywa nayo.

Kompyuta inasaidia nini?

Tuseme mwalimu wa hisabati ana wanafunzi 60, naye amewapa maswali 10. Majibu ya kusahihisha ni 600. Akitumia sekunde 10 tu kwa kila jibu, kazi hiyo itamchukua dakika 100. Madaftari yatarudishwa kesho au kesho kutwa, wakati mwanafunzi amekwisha kusahau alifikiri nini alipokosea. Kompyuta yenye programu inayofaa humwonyesha mwanafunzi kosa lake papo hapo, angali analikumbuka. Hiyo ndiyo faida ya kwanza.

Faida ya pili ni kwamba kompyuta yaweza kumpa kila mwanafunzi swali la kiwango chake. Mwalimu mmoja mbele ya wanafunzi 60 hana budi kufundisha somo moja kwa wote. Kompyuta hailazimiki kufanya hivyo, kwani hukumbuka majibu ya kila mmoja na kuchagua swali linalofuata kwa kuyatazama.

Mawazo haya si mapya. Chuo Kikuu cha Illinois, nchini Marekani, kilianza kufundisha kwa kompyuta mwaka 1960, kwa kutumia mfumo ulioitwa PLATO. Kilichobadilika tangu hapo ni bei na ukubwa wa mashine. Kanuni za kujifunza hazikubadilika.

Nchi mbili, matokeo mawili

Serikali ya Peru iligawa kompyuta ndogo za mkononi kwa wanafunzi wa shule nyingi za msingi, chini ya mpango uliolenga kila mtoto awe na mashine yake. Watafiti walizichunguza shule 319 za vijijini na kutoa ripoti yao mwaka 2012. Baada ya miezi ipatayo 15, shule zilizopewa kompyuta zilikuwa na zaidi ya kompyuta moja kwa kila mwanafunzi. Lakini katika mitihani ya hisabati na lugha, wanafunzi wa shule hizo hawakuwashinda wenzao ambao hawakupewa.

Matokeo ya India yalikuwa mengine. Katika mji wa Vadodara, watoto wa darasa la nne walicheza michezo ya hisabati katika kompyuta kwa saa mbili tu kila wiki, tena watoto wawili katika mashine moja. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2007 ilionyesha kwamba alama zao za hisabati zilipanda sana, ingawa sehemu kubwa ya faida hiyo ilififia mwaka mmoja baada ya mafunzo kukoma. Utafiti mwingine ulifanyika Delhi miongoni mwa wanafunzi wakubwa kidogo, na ulichapishwa mwaka 2019. Wanafunzi hao walihudhuria vituo baada ya saa za shule kwa muda wa miezi minne na nusu, nao waliendelea vizuri katika hisabati na katika Kihindi.

Yafaa kujiuliza kwa nini watoto wa Peru, waliokuwa na mashine nyingi zaidi, walipata faida ndogo. Jawabu linapatikana katika programu na katika mpango wa kazi. Nchini Peru mashine zilifika kwanza, lakini hazikufungamanishwa vya kutosha na masomo ya kila siku, na walimu hawakuandaliwa ipasavyo kuzitumia. Nchini India programu ililenga somo maalumu na ilifuata kiwango cha mwanafunzi. Watafiti wa Delhi waligundua kwamba wanafunzi wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Programu haikuwalazimisha kuanza na mada ya darasa, bali ilianza pale walipoishia.

Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza anaifahamu hali hiyo. Mwanafunzi asiyejua kujumlisha sehemu hawezi kufuata somo la aljebra, hata likionyeshwa kwa picha za rangi katika skrini. Mwanafunzi huyo anahitaji kwanza kurudishwa kwenye sehemu.

Jibu la haraka si ujuzi

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 umezuka mtihani mpya, nao ni programu za akili bandia zinazojibu karibu kila swali kwa lugha ya kawaida. Mwanafunzi mwenye simu aweza kuandika swali la fizikia na kupata jibu pamoja na hatua zake kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao.

Mwaka 2023 jaribio kuhusu jambo hili lilifanywa katika shule ya sekondari nchini Uturuki, likiwahusisha wanafunzi wapatao 1,000 wa somo la hisabati. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi kwa kutumia vitabu na madaftari. Kundi la pili liliruhusiwa kuuliza programu ya akili bandia bila mipaka. Kundi la tatu lilitumia programu kama hiyo, ila ilikuwa imeelekezwa, kwa msaada wa walimu, itoe vidokezo badala ya majibu. Wakati wa mazoezi, alama za kundi la pili zilizidi za kundi la kwanza kwa asilimia 48, na za kundi la tatu kwa asilimia 127. Kisha wote walifanya mtihani bila mashine. Hapo kundi la pili lilipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wanafunzi ambao hawakuitumia mashine hata siku moja. Kundi la tatu halikupata hasara hiyo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Akili hujenga njia ya kutatua swali kwa kujaribu, kukosea na kusahihisha. Anayenakili jibu amepata jibu lakini hakuijenga njia. Hatari kubwa zaidi ni kwamba hajitambui: alama nzuri za mazoezi humfanya aamini kwamba amekwisha kuelewa.

Hesabu ya intaneti

Kikwazo kingine kinachotajwa mara kwa mara ni intaneti. Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti ya Afrika Mashariki yalipita katika setilaiti zilizo juu ya Ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000. Ombi hupanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo. Jumla ni kilomita 144,000. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo nusu sekunde ilipotea njiani kila mara. Mkongo wa SEACOM uliokamilika mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, iliyopita chini ya bahari, ilipunguza sana ucheleweshaji huo. Hata hivyo, Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na huduma ikazorota katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo.

Shule haipaswi kukaa bure kwa sababu hiyo. Tuchukue filamu ya somo yenye urefu wa dakika 10, inayosafirishwa kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde. Sekunde 600 zinahitaji megabiti 600, nazo ni sawa na megabaiti 75. Wanafunzi 40 wakiitazama kila mmoja kivyake kutoka intaneti, shule italipia megabaiti 3,000. Lakini filamu hiyo ikipakuliwa mara moja na kuhifadhiwa katika kompyuta moja ya shule, ambayo huzigawia nyingine bila waya, gharama itabaki megabaiti 75. Maandishi ni mepesi zaidi: ukurasa wenye herufi 2,000 huchukua kilobaiti 2 hivi, kwa hiyo nafasi ya filamu hiyo moja ingetosha kurasa 37,500. Programu ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, huwezesha ensaiklopidia ya Wikipedia kuhifadhiwa na kusomwa pasipo intaneti kabisa.

Nafasi ya mwalimu

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania wapatao milioni 2 kwa njia ya redio. Redio hiyo haikuachwa peke yake. Wananchi walikusanyika katika makundi, kila kundi likiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Walisikiliza, walisoma kitabu pamoja, walijadiliana, kisha walikwenda kuchimba vyoo. Chombo kilipeleka habari, na watu wakaigeuza kuwa kazi.

Mpango huo huo unafaa kwa kompyuta. Kabla ya kuwasha mashine, mwalimu achague mada ambayo wanafunzi wake hukosea mara nyingi, na apime kila mmoja amefikia wapi. Wakati wa kazi, wanafunzi wawili washirikiane katika mashine moja na waelezane sababu ya kila jibu. Mwishoni, mashine zizimwe, na kila mwanafunzi atatue swali jipya katika daftari lake. Swali hilo la mwisho ndilo litakalomwonyesha mwalimu kama kompyuta imefundisha au imetumia umeme tu.