Ukitapeliwa kwa simu, usifute ujumbe: jinsi wapelelezi wanavyofuata nyayo za mtandaoni

Ujumbe unaingia jioni: umepokea shilingi 350,000. Dakika mbili baadaye mtu anapiga simu kwa unyenyekevu, anasema amekosea namba, hela hiyo ni ya mgonjwa, tafadhali mrudishie. Mkulima aliyeuza mpunga juzi anaingiwa na huruma, anatuma. Akiangalia salio anakuta hela iliyotoka ni yake mwenyewe. Ile ya kwanza haikuwahi kuingia.

Wengi wakifika hapo hufanya mambo mawili. Wanafuta ujumbe kwa hasira, au kwa aibu ili watu wa nyumbani wasiuone. Kisha wanasema, "Hawa watu hawakamatiki." Leo tunaeleza kwa nini ujumbe ule usifutwe, na jinsi wapelelezi wa makosa ya mtandao wanavyofanya kazi kutoka kwenye simu yako hadi mahakamani.

Simu ni eneo la tukio

Ghala likivunjwa usiku, mwenyekiti wa kitongoji huzuia watu wasikanyage mlangoni mpaka polisi wafike. Anajua nyayo zikivurugwa, kesi imevurugika. Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba mhalifu huacha kitu mahali alipopita na huondoka na kitu cha mahali hapo. Kanuni hiyo inafanya kazi hata kwenye simu. Tapeli hajagusa mlango wako, lakini amepita kwenye mitambo ambayo huandika kumbukumbu.

Nyayo zinabaki wapi?

Ya kwanza ni ujumbe wenyewe. Una namba iliyoutuma, tarehe na saa. Mara nyingi ujumbe wa kweli wa kupokea pesa huja kwa jina la huduma, na wa uongo huja kutoka namba ya kawaida. Tofauti hiyo ndogo ni ushahidi, na inaonekana tu ukiwa hujafuta.

Ya pili ni muamala. Kila pesa inayotumwa kwa simu ina namba yake ya kumbukumbu. Kwa namba hiyo kampuni ya simu inaweza kuona pesa ilikwenda laini ipi, ikahamishiwa wapi, na ikatolewa kwa wakala gani saa ngapi. Tapeli anaweza kuihamisha mara tatu ndani ya dakika kumi, lakini kila hatua inaandikwa.

Ya tatu ni laini. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini mwetu tarehe 1 Mei 2019, kwa hiyo kila laini ina mtu aliyeandikishwa nayo.

Ya nne ni simu ya tapeli. Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Ya kwako utaiona ukibonyeza *#06#. Wengi mnakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Namba hiyo ndiyo iliyotumika kuzitambua. Simu inapojiunga na mnara, mtandao hutambua laini na kifaa pia. Ndiyo maana tapeli anayetupa laini na kuweka nyingine kwenye simu ileile anaweza kuendelea kufuatiliwa. Na kwa kuwa mnara uliotumika unajulikana, eneo alilokuwepo nalo linaweza kukadiriwa. Mnara hauonyeshi nyumba. Unaonyesha eneo, na vijijini eneo hilo linaweza kuwa kubwa.

Taarifa hizi hazitolewi kwa mtu binafsi hata kama ndiye aliyeibiwa. Polisi ndio wenye mamlaka ya kuzidai kwa kampuni kwa kufuata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sheria hiyo inataja udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa makosa ya jinai, na simu zetu zinahesabika humo.

Mtaalamu anafanya nini na simu?

Simu ya mtuhumiwa ikikamatwa, kazi ya kwanza ni kuitenga na mtandao. Huwekwa kwenye hali ya ndege au kwenye mfuko maalumu unaozuia mawimbi, kwa sababu mtu aliye mbali anaweza kuifuta kwa kutumia intaneti.

Kazi ya pili ni kunakili. Mtaalamu hapekui simu yenyewe ovyo. Anatoa nakala ya yaliyomo, kisha anachunguza nakala. Programu maalumu hupiga hesabu ya data yote na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu, mithili ya alama ya kidole ya data hiyo. Ikibadilishwa hata herufi moja ndani yake, mfululizo unaotoka ni mwingine kabisa. Hivyo mahakamani anaweza kuonyesha kwamba hakuna aliyeongeza wala kupunguza.

Kazi ya tatu ni kuandika. Nani alikabidhiwa simu, lini, akaiweka wapi, akampa nani. Makaratasi haya yakiwa na pengo, wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu: tutajuaje kwamba ujumbe huu haukuwekwa na mtu mwingine? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inaitaka mahakama ipime jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyothibitishwa.

Je, ujumbe uliofutwa unaweza kurudi? Wakati mwingine ndiyo, kwa sababu kufuta mara nyingi huondoa njia ya kuufikia kwanza, na wenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini simu nyingi za kisasa hufunga data kwa namna inayofanya urejeshaji uwe mgumu sana. Usitegemee bahati hiyo.

Jina kwenye laini si lazima liwe la tapeli

Hili tunaliomba mlisikilize vizuri. Pesa ikitumwa, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu yako. Kesho yake jina hilo linazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp: "Mwizi huyu hapa." Lakini yuko bibi aliyekwenda kusajili laini moja, kijana wa usajili akamwambia, "Bibi, weka tena kidole, hakijasoma." Kidole cha pili kimesajili laini ambayo bibi hajawahi kuiona. Siku laini hiyo ikitumika kutapeli, jina lake ndilo la kwanza mezani kwa mpelelezi.

Hapo ndipo nyayo nyingine zinapomtetea. Laini ilikuwa kwenye simu gani? Ilitumika kwenye mnara wa wapi? Aliyetoa pesa kwa wakala alikuwa nani? Uchunguzi uliofanywa kwa utaratibu unamfikia mkosaji, na pia unamwondolea lawama asiye na hatia. Kumtangaza mtu kabla ya uchunguzi kunaweza kumwumiza bure, na kunamwambia tapeli halisi akimbie.

Ukitapeliwa, fanya haya

1. Piga simu mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, uombe muamala uzuiwe. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu.

2. Usifute ujumbe, orodha ya simu zilizopigwa wala mazungumzo ya WhatsApp. Piga skrinshoti, lakini ujumbe wenyewe ubaki kwenye simu. Picha peke yake ni rahisi kupingwa.

3. Andika kwenye daftari saa, namba iliyotumika, kiasi, namba ya kumbukumbu ya muamala na maneno uliyoambiwa, kabla hujasahau.

4. Nenda kituo cha polisi na simu hiyo, ufungue taarifa, na uondoke na namba ya RB.

5. Usimpigie tapeli kumtishia, wala usimlipe anayejidai atakurudishia pesa kwa "kumdukua". Huyo mara nyingi ni tapeli wa pili.

6. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia hata kama hujatuma pesa, upeleke kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Na leo, kabla hujalala, piga *106# ufuate maelekezo, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ukaifute. Kama una mzee nyumbani asiyejua kusoma, mfanyie na yeye akiwa amekaa pembeni yako.