Permi peke haitoshi ku kamio ya Ulaya

Vijana wetu wanaoendesha kamio za mine ku Kolwezi na Likasi wanatuuliza mara mingi: na kazi hii, tunaweza kuwa shofere ku Ulaya? Tunawajibu: inawezekana, lakini hawaangalie permi tu.

Mu inchi za Umoja wa Ulaya, kamio kubwa yenye remorke inaomba permi CE. Tena inaomba kodi 95, alama ya kwamba shofere amesomea kazi. Masomo ya kwanza ni ya saa 280, ao 140 kwa njia ya mkato. Inchi zingine zinakubali mitihani peke. Kisha ni saa 35 kila miaka 5. Mgeni anasomea mu inchi ya patro wake ao ile iliyomupa ruhusa ya kazi. Haisomewi Lubumbashi.

Kuna pia karte ya takografu, mashini inayohesabu saa za kuendesha na za kupumzika.

Mwisho ni atestasio ya shofere. Mgeni asiyekuwa na makao ya muda mrefu haruhusiwi kuvusha mizigo ya patro mipaka bila karatasi hiyo. Na anayeiomba ku serikali ni patro mwenyewe, hapana shofere.

Basi wazazi, mtu akija kuwauzia atestasio hapa kwetu, chungeni falanga zenu. Mumuulize kwanza: patro ni nani, na eko mu inchi gani?