KIPIMO CHA MRI KWA WAGONJWA WA MOYO

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaelezwa kuwa ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi si kusimama kwa moyo. Ni moyo kukosa nguvu ya kusukuma damu ya kutosha mwilini. Ndipo mgonjwa huhema kwa tabu, huchoka upesi na kuvimba miguu.

Kwa kawaida daktari huanza na ultrasaundi ya moyo. Iwapo picha hizo hazikutosha, au chanzo cha maradhi hakikujulikana, mgonjwa huweza kupelekwa kwenye MRI. Mashine hii hutumia sumaku na mawimbi ya redio, wala haitumii mionzi ya eksirei. Hupima damu inayosukumwa kwa kila pigo. Chumba cha kushoto cha moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Kikitoa asilimia 40 au chini yake, nguvu imepungua. Aidha, dawa ya gadolini ikipitishwa mshipani, makovu ya misuli huonekana. Kovu lililoanzia upande wa ndani wa ukuta wa moyo huashiria mshipa ulioziba. Lililo katikati ya ukuta mara nyingi huashiria maradhi ya misuli yenyewe. Kila chanzo kina tiba yake.

Kipimo huchukua kiasi cha saa moja, na mgonjwa hutakiwa kuzuia pumzi mara kwa mara. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, chuma mwilini, ujauzito au maradhi ya figo amweleze mhudumu kabla ya kuingia chumbani. Sumaku hiyo huvuta wakati wote. Kuficha jambo hilo ni kuhatarisha maisha.