Judo ya kwenye tatami na mashambulizi ya njiani

Kwa wiki 3 tumekuwa na ubishi katika chama chetu, na tuliahidi kuuleta hapa ukishapata sura.

Ubishi ulianza na binti wa mmoja wetu. Ana miaka 19, amecheza judo tangu utotoni, na mwaka uliopita alipata mkanda wa maroni. Jioni moja alikuwa anatoka soko la Kadutu na mfuko wa mama yake wenye feza za mauzo. Kuran ilikuwa imekatika. Mwanaume alimkaba shingo kutoka nyuma. Binti mwenyewe anasema: hakufanya kitu. Mikono ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine, sauti haikutoka. Yule mtu alichukua mfuko na telefoni, akamsukuma mtaroni, akaenda zake akitembea. Hata kukimbia hakukimbia.

Feza zitapatikana. Ambacho hakijaisha ni maneno ya watu. Kwenye bomba la maji, mbele ya butike, hata kwenye uwanja wa kanisa: «Mukanda yako ilikusaidiya nini?» Tangu siku hiyo hajarudi ukumbini.

Na sisi wakati huohuo tulikuwa tumetenga feza ya likelemba ili kuwalipia mabinti wetu masomo ya judo. Mama mmoja alisimama mkutanoni akasema: kama aliyefundishwa miaka 10 alishindwa, hawa wa miezi 3 wataweza nini? Tununue unga. Wengi walipiga makofi, na hatutaficha kwamba baadhi yetu tunaoandika hapa tulipiga pia.

Kabla ya kununua unga tulikwenda kumwona mwalimu wa judo. Tulidhani atajitetea. Badala yake alianza kwa kutueleza mchezo wake unatoka wapi. Judo iliundwa na Mjapani Kano Jigoro, huko Tokyo, mwaka 1882. Kano alichukua mapigano ya zamani ya askari wa Japani, akatenga kando yale yanayoua na kuvunja, ili vijana waweze kushindana kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi wakiwa wazima. Ndiyo maana kuna mwamuzi. Ndiyo maana wachezaji wanapimwa kilo kwanza, mwepesi asikutane na mzito. Na ukizidiwa, unagonga mara 2 kwa kiganja, mwenzako anakuachia papo hapo.

«Njiani», alisema, «mtagonga wapi?»

Tukaanza kuhesabu wenyewe, tukirudi nyumbani kwa miguu. Ukumbini watu 2 wanainamiana kwanza, kila mmoja anajua mapambano yanaanza. Njiani anayejua ni mmoja tu. Ukumbini unavaa kimono na suruali. Njiani tumefunga kitenge kinachobana magoti, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Ukumbini mko wawili, njiani mwenzake amesimama kwenye kona. Na kama ana bunduki au kisu na anachotaka ni mfuko, mwalimu hakuzungusha maneno: mpe mfuko, rudi nyumbani. Hakuna mkanda wa rangi yoyote unaozuia risasi.

Bukavu tuna mfano wetu wa jambo hili. Popole Misenga na Yolande Bukasa Mabika, wachezaji wa judo walioshindana Rio de Janeiro mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi, wote wawili walizaliwa hapa. Vita iliwatenga na familia zao wakiwa watoto, wakafikishwa Kinshasa, na judo waliikuta huko. Mwaka 2013 walikwenda Brazili kwa mashindano ya dunia na wakabaki. Popole alishinda pambano lake la kwanza kwenye Olimpiki. Mtu mwenye nguvu za kumwangusha bingwa wa nchi nyingine, lakini mbele ya vita alilofanya ni kukimbia, na ndiyo sababu yuko hai. Hatujasikia mtu akimuuliza judo yake ilimsaidia nini.

Basi kwa nini tunamuuliza binti?

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu ndipo tulipokosea sote. Kuganda kwake si uoga wala uvivu. Mwaka 2017 watafiti wa Stockholm, Uswidi, walitoa matokeo ya mazungumzo na wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa. 70 kwa 100 walieleza kwamba wakati wa tendo mwili wao uliganda kwa kiasi kikubwa: kusogea haikuwezekana, kulia haikuwezekana. Mwili hufanya hivyo wenyewe, bila kuomba ruhusa ya kichwa. Mbuzi aliyeshikwa na mbwa anafanya vilevile. Wangapi kati yetu, tukisikiliza habari ya mwanamke fulani, tumesema polepole: «lakini kwa nini hakupiga kelele?» Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 inatupita kwa akili: inahesabu kuwa ubakaji hata pale mtu alipotiwa hofu, alipobanwa kwa maneno au aliposhtukizwa. Haidai kwamba lazima uwe umepigana.

Mwalimu aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: binti aliangukaje mtaroni? Tulikwenda kumwuliza. Aliangukia ubavu, kidevu kifuani, mkono umepiga chini. Mtaro ule ni wa mawe na una kina cha kumfikia mtu kiunoni. Alitoka na michubuko kwenye kiwiko. Kuanguka ndilo somo la kwanza la judo, linarudiwa mara maelfu mpaka mwili unalifanya bila kufikiri. Alichorudia sana kilikuja chenyewe. Ambacho hakuwahi kurudia, yaani kukabwa ghafla gizani na kupiga kelele, hakikuja.

Hapo tuliona njia. Nchini Kanada, wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu 3 walifundishwa kwa saa 12 tu, si miaka. Walijifunza kutambua mapema mtu anayetaka kuwatenga na wengine, kukataa kwa sauti hata kama anayekataliwa ni rafiki, na mapigo machache mepesi kukumbuka. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: katika mwaka uliofuata, waliobakwa kati yao walikuwa kama 5 kwa 100, na kati ya ambao hawakufundishwa hivyo karibu 10 kwa 100. Karibu na kwetu, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa shule walipewa masomo ya namna hiyo, na utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema walitumia walichojifunza kumzuia mtu.

Angalieni neno «rafiki» hapo juu. Tunaogopa gizani, lakini katika mazungumzo yetu ya ndani ya chama, yale ambayo hatuandiki majina, mkono ulioumiza ulikuwa mara nyingi wa mtu anayekula kwetu: shemeji, mpangaji, mwalimu wa jioni, mume. Tatami haikufundishi namna ya kumwambia shemeji «toa mkono» mbele ya wageni.

Tulijaribu. Mwalimu alitusimamisha kwenye mstari, sisi wamama 11, akasema kila mmoja apaze sauti: «Toka!» Nusu yetu tulicheka. Nusu nyingine ilitoka sauti ya kuomba chumvi. Sisi, tunaogombana bei ya sambaza kutwa nzima! Mama mmoja mzee, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema lolote, alieleza kwamba yeye alipigwa na baba yake kwa kupaza sauti, na tangu hapo hajui sauti yake kubwa ikoje. Hatukucheka tena. Mara ya saba au ya nane majirani walitoka nje kuuliza kuna nini.

Na majirani kutoka ndiyo silaha tunayoijua tangu zamani. Wezi wakiingia usiku, karitie zetu zinapiga masufuria na filimbi mpaka mlima mzima unaamka. Hakuna anayemuuliza mwenye nyumba kwa nini hakuwapiga wezi peke yake.

Kwa hiyo tumeamua hivi, na mama wa unga amekubali kwa sharti la kutazama mwezi mmoja. Feza ya likelemba italipa Jumamosi 6, saa 2 kila mara. Kuanguka, kujinasua shingo na mkono, na kupiga kelele mpaka tuchoke. Tutafanya tukiwa na vitenge vyetu na mifuko yetu, kwa sababu ndivyo tunavyotembea. Wanaotaka judo yenyewe, pamoja na mkanda na mashindano, waendelee na mwalimu siku za kawaida. Inajenga mwili na inafurahisha, na hiyo ni sababu tosha.

Jambo moja halingoji Jumamosi. Aliyebakwa, awe amepigana au ameganda, afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, mapema zaidi ni bora, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku ya 5. Asioge kwanza ikiwezekana, na nguo alizovaa azibebe kwenye kitambaa au karatasi, si kwenye sashe. Hata kama saa zimepita, aende. Panzi imewapokea wanawake tangu 1999 na haimfukuzi aliyechelewa. Asiyetaka kwenda peke yake aje kwa yeyote kati yetu, hata usiku.

Tunaanza Jumamosi ijayo, saa 9 mchana, kwenye uwanja wa nyuma tunapokutania. Leteni kitenge cha zamani na suruali ya kuvaa chini. Binti tumemwomba atufundishe kuanguka, maana kati yetu wote ndiye pekee aliyeanguka kweli juu ya mawe akasimama. Hajajibu. Jina lake tumeliandika la kwanza kwenye orodha, na kwenye bomba la maji tunawaomba mnyamaze.