Je, Wajua? Ruiru, Thika na Watu wa Kuisoma Ramani

Je, wajua kwamba sensa ya 2019 iliuweka mji wa Ruiru nafasi ya nne kwa wingi wa watu nchini Kenya? Wakazi 490,120, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru pekee. Miaka 10 kabla ya hapo walikuwa 238,858. Eldoret, iliyopandishwa kuwa jiji Agosti 2024, ilihesabiwa watu 475,716 katika sensa hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ilirekebishwa, na idadi ya watu inayohitajika ili mji uitwe jiji ikashushwa kutoka 500,000 hadi 250,000? Thika ilikuwa na watu 251,407. Kwa hesabu ya vichwa tu, miji yote miwili imepita. Lakini sheria inadai pia mpango wa mji, huduma, na uwezo wa kukusanya mapato. Watu wameshafika, mpango ndio unaowafuata nyuma ukihema.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na viwanda vikaja kuukuza mji huo. Ruiru ilikua kwa kahawa. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa kuwa inastahimili chulebuni na kutu ya majani, ilizalishwa katika kituo cha utafiti kilichoko mjini humo. Baada ya uhuru, kampuni na vyama vya kununua mashamba vilichanga fedha za wanachama, vikanunua mashamba makubwa ya walowezi na kuyagawa. Shamba likawa ploti, na ploti ikawa ghorofa. Hatua ya kwanza ilikuwa haki iliyosubiriwa kwa miaka mingi. Ya pili ilihitaji mtu wa kuuliza maji yatapita wapi, na mara nyingi mtu huyo hakuwapo.

Je, wajua kwamba Githurai 44 na Githurai 45 zilipata namba zao kutokana na njia za mabasi? Ya kwanza iko Kaunti ya Nairobi, ya pili iko upande wa Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Soko ni moja na msongamano ni mmoja, ila ofisi za mipango ni mbili na kila moja ina ramani yake.

Je, wajua kwamba barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012? Mwaka huohuo muungano wa vyama vya wakazi uitwao KARA, pamoja na kituo cha maendeleo endelevu ya miji cha Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, walitoa tathmini ya jinsi mradi huo ulivyowagusa watu wanaoishi kandokando yake. Miezi michache baadaye, baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza ya manispaa ya Thika na Ruiru yalivunjwa na kazi zake zikaingia serikali ya kaunti. Tafakari hapo: barabara inafunguliwa, bei ya ardhi inapanda, na wakati uleule ofisi ya kutoa vibali inahamishwa na kuanza upya. Hakuna mji ambao ungepita salama katika hali hiyo bila kuwapa maafisa wake mafunzo ya haraka.

Sasa tuingie sheria yenyewe, kwa maana hapa ndipo uzito ulipo.

Je, wajua kwamba Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, namba 13 ya 2019, inasema ombi la kibali cha uendelezaji lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabika kuwa kimetolewa? Soma tena sentensi hiyo. Kimya cha afisa ni ruhusa. Ombi la ghorofa saba katika mtaa wa nyumba za familia moja moja likikaa kwenye meza ya mtu asiyejua kulichambua, akalisukuma kando akingoja mwenzake arudi likizo, siku ya 61 mwenye ploti ana hoja ya kisheria mkononi. Kifungu hicho kiliwekwa ili kumkinga mwananchi dhidi ya ofisi zinazochelewesha faili makusudi, na nakiunga mkono. Lakini kinamgeukia jirani wa ploti hiyo pale afisa anapokuwa hana ujuzi.

Ujuzi gani? Chukua ploti ambayo kila dalali wa Thika Road anaitaja: hamsini kwa mia. Ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15 na kitu kwa mita 30 na nusu. Wengi huiuza kama sehemu ya nane ya ekari, ilhali imepungukiwa futi za mraba 445. Kwenye ramani ya kipimo cha 1 kwa 2,500, ambapo sentimita moja ni mita 25 ardhini, ploti hiyo nzima ina upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 12.

Weka sasa mto kando yake. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinataka ukingo wa mto uachwe wazi kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, zikipimwa kuanzia alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Mita 6 kwenye ramani ile ni milimita mbili na ushee, unene wa mstari wa kalamu nene. Mita 30 zinaimeza ploti karibu yote. Yaani afisa anayechora mstari kwa mkono mzito, au asiyeuliza mafuriko yalifika wapi, anaweza kumuuzia mtu mto. Ruiru ina mto wake, Juja ina Ndarugu, Thika ina Chania na mto Thika. Kazi si haba.

Hesabu nyingine ambayo ingefaa kuwa zoezi la asubuhi ya kwanza katika kila mafunzo: jengo la ghorofa tano, nyumba nane kila ghorofa, ni kaya 40. Wastani wa kaya ya Kiambu katika sensa ya 2019 ni watu 3. Hao ni watu 120 katika ploti moja iliyochorwa kwa ajili ya familia moja. Bomba la majitaka halikubadilika. Wala barabara ya mbele ya lango, ambayo kwa kipimo wanachotumia wataalamu wa mipango miji ingekuwa na upana wa mita 9, na ambayo wagawaji wengi huipunguza ili wapate ploti moja zaidi.

Je, wajua kwamba shamba la kilimo halikatwi ploti kwa idhini ya ofisi moja? Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inadai ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo mwenyekiti wake ni afisa wa serikali kuu. Kibali cha mipango kinatolewa na kaunti. Kwa hiyo kumfundisha mtaalamu wa kaunti pekee hakutoshi: naibu kamishna wa kaunti, chifu anayewajua wenye shamba, na mwakilishi wadi anayepitisha bajeti wote wanapaswa kuketi mbele ya ramani moja. Nikipewa nafasi ya kuchagua nani aitwe kwanza, ningeanza na chifu. Yeye ndiye anayeliona lori la kwanza la mawe likishusha.

Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2017 mkopo wa dola milioni 300 kwa Mpango wa Kusaidia Miji Kenya, maarufu kama KUSP, uliohusu miji 59 katika kaunti 45. Thika na Ruiru zilikuwamo. Fedha hazikutoka bure: kila mji ulitakiwa kuwa na hati ya manispaa, bodi na meneja. Na sehemu ya fedha ilitengwa kwa taasisi zenyewe, yaani kuunda bodi hizo na kufundisha watu wake, kabla ya lami na mitaro. Mpangilio huo ulikuwa sahihi, hata kama mwananchi aliyekuwa akikanyaga matope hakuufurahia.

Wa kufundisha wapo karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na idara ya mipango miji na mikoa tangu 1971. Chuo cha JKUAT kiko Juja, katikati kabisa ya Ruiru na Thika, na kinafundisha upimaji ardhi na mifumo ya taarifa za kijiografia. Mwanafunzi akipanda matatu anafika ofisi yoyote ya manispaa hizo bila kuvuka mpaka wa kaunti.

Je, wajua jirani zetu Tanzania walianzia chini zaidi? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, kijiji chenyewe hupanga wapi ni malisho, wapi ni kilimo na wapi ni makazi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha.

New York ilipitisha kanuni za kugawa jiji lote katika kanda mwaka 1916. Miaka 10 baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali uhalali wa kanuni za aina hiyo katika kesi ya kijiji kidogo cha Ohio kiitwacho Euclid. Katika Kenya swali la kama serikali inaweza kumwekea mwenye ardhi mipaka limejibiwa na Katiba ya 2010: ibara ya 66 inairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya mipango, pamoja na usalama na afya ya umma. Hatimiliki haikupi ruhusa ya kujenga utakavyo.

Je, wajua adhabu ya kuanza kujenga bila kibali? Faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Kwa mwenye jengo la kaya 40, faini hiyo hailingani na kodi ya miezi miwili. Ndiyo maana nguvu ya afisa iko kabla ya msingi kuchimbwa.

Na wewe jirani una nafasi yako. Anayeomba kibali anatakiwa kuutangazia umma, na tangazo hilo likaribishe pingamizi. Ukiona kibao cha kubadilisha matumizi ya ardhi kwenye ua wa jirani, andika pingamizi lako upeleke kaunti. Uamuzi ukikuumiza, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.